Kila Nilipoingia Kuhakikisha

Dada yangu alipojifungua, mwajiri wake wa Kayanga alimkubalia afanye hesabu za duka akiwa nyumbani Nyaishozi, mradi kazi isilale. Mimi ndiye niliyejitolea kumwezesha. Sikusomea kompyuta darasani. Nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na siamini nilichotengeneza mpaka nikijaribu tena na tena.

Kompyuta aliyohitaji ilikuwa ya wingu, iliyo kwenye seva ya mbali. Nilifungua poti moja, yaani mlango wa mtandao, kwenye seva, nikaielekeza kwenye kompyuta hiyo, na dada akaingia akiwa chumbani, mtoto kifuani. Nilirudi kwangu Bugene na furaha iliyoisha kabla sijashuka kwenye bodaboda.

Kesho yake akapiga simu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Inanitoa! Nikiandika kidogo tu, inanitoa."

"Ngoja niangalie." Nikaingia. Ilikuwa sawa kabisa.

"Imenitoa tena!"

"Mbona kwangu inafunguka vizuri, dada?" Nikaingia mara nyingine.

Nilimsikia akimbembeleza mtoto aliyekuwa akilia. "Hebu niambie, tangu jana umeingia mara ngapi?"

Masikio yakaniwaka moto. Kompyuta ile hupokea mtu mmoja; anayeingia humtoa aliyemo. Nami nilikuwa nikiingia kila nilipopata wasiwasi, yaani wakati wote.

"Mdogo wangu, atakayenifukuzisha kazi ni wewe!" Alicheka, lakini si sana.

Nikamwelekeza namna ya kubadilisha nywila. "Mpya usiniambie," nikasema. "Hata nikikuomba."

Jioni nikamwomba. Akakata simu.