Mama Muuza Bitenge

Mama muuza bitenge, mgeni kutoka Mali, alikunja vitambaa vyake polepole, na kila alipoinuka kitini aliuma midomo. Mianda, jirani yake, alijua sababu: walimkeketa utotoni, na kila uzazi ulikaribia kumtoa roho. Mwaka ule Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama Mianda, walipofukuzwa Kolwezi, Mianda alikuwa ameshapanda treni alipomwona mama huyo akipenya umati, binti yake mdogo mgongoni.

“Shangazi ya bwana yangu amefika na wembe,” alisema kwa sauti yake ya chini. “Kwenu Kasai, banakataka batoto banamuke?”

“Hapana, mama.”

“Basi umubebe.”

Akampitisha mtoto dirishani. Mianda, asiyejua hata yeye atalala wapi, akampokea kifuani. Treni ikaanza kwenda. Yule mama akatembea sambamba nayo.

“Mutoto, pilipili hakulake,” alisema.