Anayesugua Viganja

Siku ya kwanza nilimwona mwanamke huyu hana adabu. Mwanangu ndiye aliyemwita aje kumsaidia mkewe aliyejifungua, kana kwamba mimi bibi mtu nimekufa. Kila anayeingia humu hukimbilia kichanga. Yeye hukipita, akaenda moja kwa moja kitandani kwa mkwe wangu. "Umekula, mama? Umelala?" Husugua viganja vyake mpaka vipate joto, ndipo amkande mgongo. Sauti yake haipandi hata mtoto anapolia kama king'ora. Nguo anafua, vyombo anaosha, na umbea wa nyumba hii hautoki naye.

Leo, siku ya tisa, nimemsikia mkwe wangu akicheka, kicheko cha tumboni kabisa. Nikaenda jikoni kumshukuru yule mwanamke, lakini ulimi ukakataa. Nikasema, "Sisi enzi zetu tulizaa bila mambo yote haya."

Akaacha vyombo, akafuta mikono. "Na wewe, mama, ulipojifungua, nani alikukanda mgongo?"

Mkono wangu ukaenda mgongoni wenyewe. Akanivutia kiti, akaanza kusugua viganja.