Mkojo Ulioniumbua Mimi

Mume wangu hakuwa mwoga wa moto. Kwenye chumba cha kupimia dhahabu cha mgodi mmoja huko Geita, miaka ile ya hamsini, yeye ndiye aliyeingiza vyungu tanurini na kuvitoa vikiwa vyekundu, na jioni alirudi kambini nyusi zimeungua, anacheka. Alichoogopa ni kutoa mkojo.

Siku moja alirudi na chupa ndogo aliyoizungushia leso, kana kwamba anaificha ili mtu asimwone nayo. Daktari wa mgodi, Mzungu, alitaka mkojo wa kila mtu wa tanurini, wa asubuhi, kabla hajala. Mume wangu akaiweka dirishani na kutangaza kwamba haitajazwa. Sisi watu wa upande wa Mhunze hatukulelewa kuacha kucha na nywele zetu ovyo, sembuse mkojo. Na pale mgodini watu walitoka kila pembe, hujui nani ana kinyongo na nani.

"Mkojo wangu ukalale kwenye kabati la watu nisiowajua?" alisema. "Huo si utabibu. Huo ni bulogi."

"Uchawi gani? Usipopeleka watakufukuza."

"Wanifukuze."

Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Nilikuwa nimechoka, mtoto analia, ugali unashika chini ya chungu. Nikamwambia, "Basi nitakojoa mimi, waniroge mimi!" Akacheka, nami nikacheka. Lakini asubuhi niliijaza kweli, nikaifuta vizuri kwa nje, nikampa. Akaondoka nayo ameishika kwa mikono miwili. Niliona nimefanya jambo la akili: mume katulia, kazi haijapotea, na nyumba tumebaki nayo.

Hazikupita siku nyingi akarudi kabla ya saa yake. Alikuwa ameondolewa tanurini na kupelekwa kwenye mashine za maji. Hospitali walikuwa na taa ya zambarau, ya namna ileile waliyotumia watafuta madini kutazamia mawe, na mkojo wa mtu aliyeingiwa na risasi, ile metali laini ya kijivu, ukimulikwa nayo hung'aa mwekundu. Pale kwenye chumba cha kupimia, mawe yaliyosagwa yalichanganywa na unga wa njano wa risasi. Risasi ikiyeyuka huikokota dhahabu mpaka chini ya chungu. Kwa hiyo daktari alijua pa kumtafuta adui wake.

"Mkojo wako umewaka!" mume wangu alisema, na hakujua acheke au alie.

Tulitazamana, kisha tukacheka hadi nikakaa chini. Mimi sikuwahi hata kukanyaga kizingiti cha chumba kile. Kama mkojo wangu unang'aa, basi taa yao ni ya uongo. Ndivyo tulivyoamua, na naapa siku ile sikuona pa kulipinga. Akawanong'oneza wenzake, nao wakaangua kicheko, na mmoja akaapa kwamba zamu ijayo atapeleka wa mbuzi. Daktari alipowakataza wasirudi na nguo za kazi nyumbani, hawakumsikiliza tena.

Nilikuwa na mtoto mmoja wakati huo, msichana, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika kuta. Sasa niseme habari ya mifuko. Unga ule wa njano ulifika mgodini katika mifuko ya turubai iliyoshonwa kwa nguvu, na ikishakuwa mitupu wafanyakazi waliichukua. Sisi wake zao tuliigombania. Yangu, kabla hata ya habari ya chupa, niliikung'utia pale mlangoni, vumbi la njano likaruka mpaka usoni, nikaifua, nikashona mbeleko na godoro la mtoto. Njano yote haikutoka. Mimi niliipenda hivyohivyo, na mwanangu, meno yalipokuwa yanamwota, alilinyonya pindo la mbeleko ile kutwa nzima mgongoni kwangu.

Akaanza kuumwa tumbo. Alikunja magoti na kulia, uji akaukataa, na ukimvuta kope kwa chini ndani palikuwa peupe kabisa. Nikampa dawa ya minyoo. Jirani akasema ni meno, nikakubali ni meno. Baba yake alikuwa keshatoka tanurini muda mrefu, ningefikiria nini? Kisha akashikwa na degedege, na nikakimbia naye hospitali bila viatu.

Daktari alimpima kwa taa ileile. Nadhani alinisoma usoni kwamba siiamini, maana aliniita ndani ya chumba chake cha giza, akaiwasha mbele yangu. Mkojo wa mwanangu uliwaka mwekundu, kama kaa linalokaribia kufifia. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda aliyekuwa akitafsiri, akanieleza taratibu, kwa maneno ya jikoni.

"Mama, damu hupikwa mwilini kila siku. Huo wekundu wake hutengenezwa ndani ya mifupa, na kwenye ini pia. Risasi ikiingia, ni kama mtu kakumwagia maji mekoni, unachopika hakiivi. Kile kibichi kinashuka kwenye figo, kinatoka na mkojo, na ndicho hicho unachokiona kinang'aa. Ndiyo maana mtoto hana damu. Na figo nazo zinaumia."

Wakaniuliza sumu imemfikaje mtoto. Nikataja mifuko. Daktari akafumba macho, akasema maneno machache, na dresa akayageuza: "Anasema tulimpima baba peke yake. Tungempima na mama mapema, tungejua sumu iko nyumbani, tungekuja kuitafuta."

Neno "mlinipima" lilinifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nilijiambia ninamlinda mume wangu asifukuzwe kwa udanganyifu, lakini hiyo haikuwa kweli yote. Niliona aibu. Mifuko ilikusanywa kambi nzima ikateketezwa, na mimi nilitoa yangu kama wengine, nimenyamaza.

Mwanangu alipona, kwa namna yake. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Shuleni alirudishwa darasa lilelile mpaka wadogo zake wakampita, na walimu walimchapa kwa uvivu. Na mimi je? Mimi niliyejua kwamba ni ile sumu iliyomharibu, nilimwita zuzu mbele ya wageni. Hasira ilinipanda kila aliposahau nilichomtuma, na nilipoanza kufoka baba yake alitoka nje. Alikufa akiamini kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeleta mifuko. Sikumwambia kamwe alichosema daktari, sikumwondolea mzigo huo. Hata leo nikiliandika hili naona joto usoni.

Sasa tunaishi sisi wawili, mimi na huyu binti, naye ni mtu mzima mwenye mvi. Ndiye anayenipikia. Mchana mmoja aliacha maharage yakaungua, moshi ukajaa nyumba, nami nikamfokea kama nilivyozoea. Akatoka jikoni, akapiga magoti mbele yangu kama tunavyowafunza wasichana wetu, viganja pamoja.

"Mama, nisamehe," alisema. "Najua nimekuchosha tangu nizaliwe. Sijui kwa nini Mungu aliniumba na kichwa kizito."

Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Baba yake keshakufa, hakuna kazi ya kupotea wala daktari wa kuuliza. Alinitazama akingoja jibu.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikamwambia. "Inuka."

Akanishukuru, akaenda kusugua sufuria.