Kisasi cha Maji ya Kuchemsha

Mdogo wetu wa mwisho aling'olewa meno kabla hayajaota. Aliyemng'oa ni bibi mmoja wa hapa kwetu Kwaluguru, kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Watu wanayaita meno ya plastiki. Mtoto akiharisha na kuchemka mwili, wanampapasa ufizi. Wakikuta umevimba wanasema ugonjwa umo humo, utolewe.

Baba alikuwa ameshafariki, na mama akamfuata akimwacha huyo mchanga. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Siku hiyo nilikwenda kuteka maji lamboni. Niliporudi nilimkuta shangazi, aliyekuja kutoka Makuyuni kutuangalia, amempakata mtoto mwenye damu kidevuni.

"Usilie," shangazi aliniambia. "Bibi ameshamaliza. Sasa atapona."

Hakupona. Kidonda kilimzuia kunywa, kuharisha kukaendelea, macho yakazama. Tulimzika ubavuni mwa mama. Shangazi alilia mpaka sauti ikakauka, nami sikuwa na neno naye. Lakini yule bibi alikuja msibani, akala ubwabwa, akanawa mikono, kisha akawaambia wanawake waliokaa mkekani: "Walinicheleweshea. Meno yalikuwa yamekomaa."

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: spoki ile ikose mtoto.

Mwingine angetafuta mganga. Mimi nilikwenda kwa nesi, siku ya kliniki, nikamuuliza meno ya plastiki ni nini hasa. Alicheka kwa uchungu. "Hakuna plastiki. Ni meno ya kawaida, yamelala ndani ya ufizi yanasubiri zamu yake. Mpapase mtoto mzima uone, naye anayo. Kinachowaharisha ni maji na mikono michafu."

Nikaelewa bibi anakula wapi. Anakula lamboni, pale ng'ombe wanapoingia mpaka tumboni na sisi tunachota upande wa pili. Kila mtoto anayeharisha ni mteja wake. Basi nikiziba kuharisha, nimemziba yeye.

Nikaanza nyumba kwa nyumba. Nilifunga vibuyu chirizi kando ya vyoo, kidumu kidogo na kamba ya kukanyaga kwa mguu, sabuni ikining'inia pembeni. Niliwaambia kina mama: ukitoka chooni nawa, ukimtawaza mtoto nawa, kabla hujamkorogea uji nawa. Maji yatokote, yafunikwe, yachotwe kwa kikombe chenye mpini. Akiharisha usimnyime ziwa, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, na mkimbize zahanati.

"Dada wa sabuni huyo, ficheni watoto!" walinitania.

"Ficheni, nitawanawisha hukohuko."

Hawakujua chuki iliyokuwa ikinitembeza. Kila nilipoona sufuria inatokota nilisikia raha, kama mtu anayeponda kichwa cha nyoka. Nyumba nilimokuwa nasikia vilio vya ufizi zikatulia, moja moja.

Bibi alinikabili njiani. "We binti, siku hizi huamkii wakubwa?"

"Wakubwa nawaamkia."

Akatikisa kichwa. "Unaharibu kazi niliyoachiwa na mama yangu."

"Na wewe ulimharibu mtoto niliyeachiwa na mama yangu."

Aliondoka akinung'unika. Bado walikuwepo waliompelekea watoto, hasa wale waliosukumwa na mama wakwe. Sikuchoka. Nilikwenda hata kule walikonifungia mlango, nikarudi tena.

Kiangazi kilichopita lambo lilibaki tope. Asubuhi moja nilikuwa naanika mahindi, nikamwona bibi anaingia uani kwangu na mjukuu mgongoni. Mama wa mtoto alikuwa kibaruani Hale.

"Anaharisha tangu jana," alisema. "Akilia hatoki machozi."

"Umempapasa ufizi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Umevimba?"

"Umevimba."

"Na spoki si unayo?"

Aliangalia chini. "Huyu ni wangu."

"Na yule alikuwa wa nani?"

Nilimpokea mtoto, maana yeye hakuwa na deni nami. Nilikoroga pakiti kwenye lita ya maji yaliyochemka na kupoa, nikamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo. Aling'ang'ania kijiko kama ziwa. Kisha nikamwambia bibi, twende zahanati.

"Tupitie mashambani," alisema.

"Tunapita njia kubwa."

Huku kwetu hakuna anayepita njia kubwa bila kuulizwa anakoelekea, na kutojibu ni utovu wa adabu. Kila nilipotua kumnywesha mtoto, mtu alitokea.

"Mnaelekea wapi jamani?"

"Nampeleka bibi zahanati. Mjukuu wake anaharisha."

"Bibi yupi? Huyu wa meno?"

"Huyuhuyu."

"Eh! Kwani spoki imeota kutu?"

Wakacheka mpaka wakashika magoti. Bibi alijifunika kanga hadi machoni. "Punguza sauti, mwanangu," aliniomba. Sikupunguza. Msibani kwetu yeye hakupunguza.

Zahanati nesi alimpokea mtoto, akaendelea kumnywesha, akampa na kidonge cha zinki. Alituambia tusubiri, hatamruhusu mpaka aone amekojoa. Tulikaa kwenye benchi refu lililojaa wanawake. Pembeni yetu alikaa mama mdogo wa umri, mwanawe amechoka, shingo imelegea begani. Alimwangalia bibi, akamwangalia tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mama mkwe kaniambia, hapa wakinipa dawa tu, kesho nikuletee huyu umwangalie meno. Nije saa ngapi?"

Bibi akajifanya hakusikia. Ndani mjukuu wake alianza kulia, kilio kikavu.

"Mjibu," nilimwambia.

"Niache, mwanangu. Nimeshadhalilika vya kutosha."

"Hajauliza kudhalilika kwako. Ameuliza aje saa ngapi."

Yule mama akatugeukia sote wawili, hajui kuna nini kati yetu. Mtoto wake alikohoa.

"Usimlete," bibi alisema, mdomo ndani ya kanga.

"Hajasikia."

Alishusha kanga. Uso wake ulikuwa mzee kuliko nilivyoukumbuka, na sikuuonea huruma.

"Usimlete," alisema, na safari hii benchi zima lilisikia. "Wala huyo, wala mwingine."