Kibuyu cha Bibi Kilivyooshwa kwa Sabuni

Mwalimu wetu wa Bayolojia alipata nafasi mbili za kupeleka wanafunzi wa kidato cha tano Mikumi, kwenye mafunzo ya siku mbili ya bayoteknolojia yaliyoandaliwa kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza. Alinichagua mimi kwa sababu moja tu: kwetu Tindiga tunafuga, na mkufunzi alitaka kibuyu cha maziwa ya mgando.

Bibi alikataa kwanza. Kibuyu kile hakijawahi kuguswa na sabuni. Hukifukiza ndani kwa kijinga cha moto, humimina maziwa, na maziwa huganda yenyewe. Mwishowe alinikabidhi kama anayekabidhi kichanga. "Kiende, kirudi kama kilivyo."

Siku ya kwanza nilifurahi, nakiri. Mkufunzi alieleza kwamba bakteria ana maelekezo ndani yake, na siku hizi watu wanaweza kuyaandika upya, bakteria akatengeneza hata dawa. Alionja mgando wa Bibi, akasema, "Humu kuna kiwanda kizima. Jioni tutamimina maziwa mapya, kesho tuone kimefanya nini."

Mchana, baada ya chakula, nikamkuta dada mmoja wa chuo bombani. Kavaa glovu, anakisugua kibuyu kwa brashi ya chupa mpaka povu linamwagika, halafu akakisuuza kwa spiriti. Asubuhi ileile alikuwa amefundishwa kwamba chombo husafishwa kabla ya jaribio.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hiki kilikuwa kinanuka moshi, khaa! Sasa safi."

Nikasema, "Asante."

Asante! Kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Asubuhi ya pili maziwa yalikuwa majimaji, yananuka sabuni. "Kiwanda kimegoma!" akapiga kelele mwanachuo mmoja, ukumbi ukacheka. Mkufunzi akakuna kichwa, labda joto halikutosha. Nikasema, "Kimeoshwa." Sauti ikaishia kwenye daftari langu.

Mwenzangu wa shule, aliyekaa pembeni yangu, alisikia. Akasimama. "Mwalimu, kimeoshwa kwa sabuni! Kibuyu cha wafugaji hakioshwi, kinafukizwa. Mmeua wafanyakazi wote!"

Kwao wanalima mpunga. Yote hayo nilimwambia mimi njiani. Alipigiwa makofi, na mkufunzi akaligeuza kosa lile kuwa somo la nusu saa, tena zuri kuliko mengine yote. Yule dada akaja kuomba radhi. Akamwomba yeye.

Nyumbani, Bibi alikinusa kibuyu kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Nani?"

"Dada mmoja wa chuo, Bibi."

"Huyo hajui. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikitundika kibuyu kwenye banda la mbuzi, kazi yake imekwisha. Akasema kesho niende kwa majirani kuomba kibuyu kingine kilichokwisha kuzoea maziwa, na nieleze mwenyewe, kwa mdomo wangu, kilichotokea.

Leo nimekwenda kwa jirani wa kwanza. Mama mwenye nyumba ameniuliza, "Haya mwanangu, una shida gani?"

Nimemwambia nimepita kusalimia tu.