Taa Yangu ya Kibodi

Wenzangu wa kundi letu la barua pepe, leo nimeaibishwa na kataa kadogo ka kibodi.

Asubuhi nilibadilisha mipangilio ya kompyuta ya ofisi yetu ya kupiga chapa hapa Kakamega. Nilitaka taa moja ya kibodi iwake kila mashine inapohifadhi kazi.

Nikamwambia Mama Shiundu, mwenye ofisi, kifua mbele: "Taa ikiwaka, usizime mashine. Taa ikizimika, zima tu."

Mchana mvua ikaja na radi zake, mnazijua.
Kwa kuhofia radi iunguze mashine, Mama akaangalia taa. Imezimika.
Akazima mashine.

Kumbe penye moja, yaani washa, niliandika sifuri, yaani zima! Taa ilikuwa inazimika wakati ule ule kazi inahifadhiwa.

Programu ya mazishi ya kesho, ile ratiba tuliyokuwa tukimchapia mteja, ikapotea, majina ya wajukuu wote ndani.

"Si nimefuata taa yako?" Mama akauliza kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nimeichapa upya, familia nzima ya marehemu imesimama nyuma yangu ikibishana nani atajwe kwanza.

Chekeni tu.

Taa yenyewe Mama ameiziba kwa plasta. Kisha akaniwekea kiti kando ya mashine.

"Kaa hapa. Kuanzia leo taa ni wewe."