Meneja Aliyeapa Sitapata Kazi Karatu

Nilifukuzwa kazi mbele ya wageni kumi na wawili, nikiwa bado nimeshika taulo za kuwapangusia vumbi. Nilikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye loji moja juu ya Karatu, mwaka wangu wa nne. Meneja alikuwa ameuza vyumba vilevile kwa makundi mawili, na jioni hiyo makundi yote mawili yakafika kutoka kreta kutazama wanyama, yamechoka na yana njaa. Akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyevuruga," akasema kwa Kiingereza, ili wageni wamwelewe. Kisha kwa Kiswahili, ili nimwelewe mimi: "Hakuna loji Karatu itakayokupokea. Nitahakikisha."

Alihakikisha kweli. Loji mbili za kwanza hazikunijibu. Ya tatu, mama msimamizi alinionea huruma, akanivuta pembeni. "Mwanangu, alinipigia simu. Anasema wewe ni mwizi."

Mwizi! Kwetu Endulen neno hilo likisemwa juu ya mtoto wa mtu, wazee huitana wakae chini. Mimi sikuwa na wa kumwita. Nilirudi kwenye chumba nilichopanga nikajiapia kwamba nitapata kazi mahali ambapo simu yake haina nguvu, na kwamba siku moja atanisalimia kwa adabu, apende asipende.

Niliingia mtandaoni na hasira hiyo. Kila tangazo nililoliona niliomba: hoteli, benki, shule, hata kampuni ya mbolea. Barua ileile, wasifu uleule. Kimya.

Nilikuwa nikichapisha barua zangu kwenye duka la kopi karibu na stendi. Mwenye duka, dada mmoja Mwiraqw asiyecheka ovyo, siku moja aliisoma barua kabla ya kunipa.

"Hii umemwandikia nani?"

"Wote."

"Ndiyo maana hawakujibu. Kaa hapa."

Nikakaa, kwa majuma. Alinifundisha kusoma tangazo mara tatu, kupigia mstari wanachokitaka, kisha kukijibu kwa kazi niliyoifanya kweli. Matangazo ya kwenye magrupu ya simu alinikataza kuyaamini, mengi yalikuwa ya matapeli. Badala yake nilichagua kampuni ninazozitaka mwenyewe, nikawa nafungua ukurasa wao wa ajira kila Jumatatu, na nikaiweka simu initaarifu nafasi mpya za utalii zinapotoka. Kwenye daftari niliandika nimemwomba nani, lini, na amejibu nini.

Tulikwama kwenye wadhamini, watu wa kuthibitisha utendaji wangu. Meneja asingesema neno jema.

"Na wageni je?" dada akauliza.

Nikafungua ukurasa ambao watalii huandika maoni juu ya loji. Nikakuta maoni kumi na tisa yanayomsifu dada wa mapokezi mwenye shanga za bluu, ndiye mimi. Nililia palepale dukani, nikayachapa yote. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, aliwahi kuniachia barua pepe yake. Nikamwandikia. Kesho yake alikubali kunidhamini.

Kampuni moja ya kupanga safari ilinihoji kwa video, nimeketi nyuma ya mashine ya kopi. Wakauliza kwa nini niliacha kazi. Niliwaeleza yaliyotokea bila kumtukana mtu, nikaongeza jinsi ambavyo ningewagawa wale wageni kwenye loji za jirani jioni ile kama ningeachiwa. Wakanichukua.

Msimu wa pili wakanipa kazi ya kukagua loji tunazopelekea wageni. Nilianza na ya kwake.

Alinipokea mlangoni mwenyewe. "Karibu sana, madam," kisha akanitambua. "Aisee, binti yangu! Nilijua tu utafika mbali."

Sikumwamkia. "Naomba kitabu cha oda za vyumba," nikasema.

Wageni wetu walikuwa wamelalamika mara mbili kwamba vyumba vyao walikuta vina watu. Nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Ni yule binti wa mapokezi aliyechukua nafasi yako. Nimeshamwondoa."

Sitaficha: nilikwenda pale nikiwa na nia ya kumuumiza, na njia nzima niliogopa kwamba nitalazimika kumtafutia kosa. Kumbe lilikuwa limelala kitabuni. Oda zote za vyumba vilivyouzwa mara mbili zilikuwa na saini yake. Nikazipiga picha mbele yake, moja moja, polepole.

"Haya tunaweza kuyamaliza wenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe si mtu wa hapahapa?"

"Tutakuandikia."

Kampuni ikaiondoa loji ile kwenye orodha, na barua ya kumjulisha niliiandika mimi. Kila sentensi niliifurahia. Watu huniuliza kama baadaye roho iliniuma. Haikuniuma. Nilikula kuku wa kuchoma, nikalala vizuri.

Mlinzi wa loji ndiye aliyenipa namba ya yule binti. Binti alipokea simu kwa woga, akidhani namtafuta kwa ubaya. Nikamwambia tuonane Jumamosi, aje na wasifu wake na majina ya wageni wote anaowakumbuka.

"Na yule meneja?" akauliza. "Nimwache tu?"

"Usimwache," nikamwambia. "Ila kwanza upate kazi."